Unamudu au Utajaribu? Namna ya Kupima Kujiamini kwa Watu Wazima Wenye Unene Uliokithiri katika Kuushughulisha Mwili

Mwulize mama wa makamo aliyekuja kliniki ya presha swali hili: "Mama, unaweza kufanya mazoezi kila siku?" Jibu utakalopata, mara nyingi kabla hujamaliza kuuliza, ni "Naweza, daktari, Mungu akijalia." Ni jibu la adabu na halina kosa lolote, ila kwa mtu aliyekuja kupima ni jibu tupu. "Naweza" ya hapo ni ile ya mtu anayesema "naweza kuja kesho" huku akijua kwamba huenda asije. "Daktari" inaonyesha kwamba anayeulizwa anataka kumridhisha anayeuliza. Na "Mungu akijalia" inaonyesha kwamba swali limemtaka adhamini siku ambazo hazijafika, jambo ambalo wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tumefundishwa kuliona kuwa ni kujikweza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, watoa tiba kwa mazoezi, wanafunzi wa afya ya jamii na viongozi wa vikundi vya mazoezi ambao wanahitaji kuuliza swali hilo kwa namna itakayowapa jibu la kuandika kwa namba, na namba hiyo iwe na maana.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha makala iliyoeleza kwamba mtu huanza jambo, hulitilia bidii na hulivumilia linapokuwa gumu kwa kutegemea sana jinsi anavyoamini kwamba yeye mwenyewe analimudu. Imani hiyo huenda na jambo mahususi, wala si sifa ya jumla ya mtu. Mfanyabiashara anayesimama mbele ya umati bila kutetemeka anaweza kuwa hana imani hata chembe kwamba atapanda ngazi za ghorofa tatu, na mama mpole asiyesikika hata katika kikao cha vikoba anaweza kuwa na hakika kamili kwamba anatembea kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi akiwa na kapu kichwani.

Kwa sababu hiyo neno "kujiamini", ambalo nimelitumia katika kichwa cha mwongozo huu kwa kukosa jingine lililozoeleka, lisiingie ndani ya dodoso. Wahojiwa wengi hulisikia kama tabia ya kutoona haya, na baadhi ya wanawake hulisikia kama lawama. Bandura mwenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu kutunga vipimo vya aina hii, alishauri karatasi ya maswali ipewe jina lisiloelemea upande wowote. Mimi huandika juu ya karatasi "Maswali kuhusu shughuli za mwili" na huishia hapo.

Yapo mambo matatu yanayokaribiana sana na tunachokitafuta, na dodoso bovu huyachanganya yote katika sentensi moja. La kwanza ni nia: mtu anaweza kuwa amekusudia kwa moyo wote kuanza Jumatatu huku akiamini kimoyomoyo kwamba hatafika Jumatano. La pili ni matarajio ya matokeo, yaani kuamini kwamba kutembea kunashusha sukari. Hilo wengi wanaliamini, na bado hawatembei, kwa sababu kuamini kwamba dawa inaponya si sawa na kuamini kwamba unaweza kuimeza. La tatu ni uwezo halisi wa misuli, moyo na mapafu, ambao hupimwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kumwomba mtu atembee kwa dakika 6 kwenye ukumbi wenye urefu wa mita 30 na kuhesabu umbali aliokwenda. Uwezo na imani mara nyingi hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayomfaa mtoa huduma. Aliyetembea mita 450 akiamini kwamba hawezi hata 100 anahitaji msaada wa namna moja, na aliyechoka mita ya 200 akiamini kwamba yuko tayari kwa mbio za marathoni anahitaji msaada wa namna nyingine kabisa.

Kwa nini dodoso la watu wote halitoshi

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri pale uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita unapotoa 30 au zaidi. Kuanzia 25 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi. Hili si jambo la nchi za mbali: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Vipimo vinavyotumika sana duniani vilitungwa kwa ajili ya watu wengine. Kile cha Sallis na wenzake cha mwaka 1988 kilihusu kudumu katika mazoezi na kuyatafutia muda; kile cha Resnick na Jenkins cha mwaka 2000, chenye maswali 9, kilikusudiwa wazee; orodha ya Bandura ya mwaka 2006 ina maswali 18 yanayotaja uchovu, hali mbaya ya hewa, wageni nyumbani na likizo. Yote ni maswali mazuri. Lakini hebu keti na mtu mwenye kilo 118 umsikilize. Atakueleza mapaja yanavyosuguana na kuchubuka hadi usiku hayagusiki. Atakueleza magoti, visigino asubuhi na pumzi inayokata. Atakueleza jasho linaloloanisha nguo kabla hajafika kituo cha daladala, na viatu ambavyo havipatikani kwa upana wa mguu wake. Kisha, ukinyamaza kidogo, atakueleza vijana wa kijiweni wanaomwita "bonge" kila apitapo. Kipimo kisichogusa mambo hayo kitampa alama nzuri ambayo barabara itaifuta siku ya kwanza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupakua dodoso wala kuandika maswali. Zungumza kwanza na watu kumi hadi kumi na watano wa aina ile ile utakayowapima, wanaume kwa wanawake, wa mjini na wa pembezoni, wanaotembea na walioacha. Waulize jambo moja tu: mara ya mwisho ulipotaka kutembea au kufanya mazoezi na hukufanya, nini kilikuzuia? Andika maneno yao kama walivyoyasema. Ukiona watu watatu mfululizo hawakuongezei kitu kipya, una malighafi ya kutosha.

Neno "mazoezi" na matatizo yake

Ukiuliza kuhusu "mazoezi", wengi watawaza fulana, raba, muziki mkubwa na kundi la watu wanaokimbia alfajiri kando ya bahari. Taswira hiyo ina mizizi ya kweli. Tanzania Bara ilizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi Desemba 2016, chini ya Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, na Zanzibar hufanya siku yake ya mazoezi kila tarehe 1 Januari kwa matembezi ya vikundi kutoka mitaa mbalimbali. Ni mambo mema, lakini yamelifanya neno hilo liwe la uwanjani. Mwanamke anayechota maji, anayefua kwa mkono na kutembea kilomita mbili kwenda gengeni atakujibu kwamba hafanyi mazoezi kabisa na kwamba hayamudu, ilhali mwili wake unafanya kazi tangu alfajiri.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri watu wazima waushughulishe mwili kwa kiwango cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na miongozo hiyo iliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi lazima kifike dakika 10. Kwa hiyo kutembea, kulima, kudeki na kupanda ngazi vyote vinahesabika. Katika dodoso, taja tendo lenyewe badala ya jina la jumla. Andika "kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo", kisha ueleze haraka hiyo ni ipi: mwendo ambao mtu bado anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Kipimo hicho cha kuzungumza na kuimba hueleweka na kila mtu, hata asiyejua saa.

Kitenzi ndicho kipimo

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ambayo ningependa msomaji aisome mara mbili, ni hii. Kwa kawaida vipimo hivi huuliza mtu anachomudu, na haviulizi atakachofanya. Ukiandika "utatembea", umepima nia. Ukiandika "unaweza kutembea", umetumia kitenzi ambacho kwa Kiswahili kinabeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Mwanamke aliyenijibu "siwezi" alikuwa na maana kwamba mumewe hajamruhusu, na miguu yake haikuwa na tatizo lolote, lakini nilikuwa nimeshaandika sifuri kabla sijamwuliza "huwezi kwa nini?" Tangu hapo nimehamia kwenye "kumudu". Kitenzi hicho kinabana maana: kumudu ni kuliweza jambo pamoja na uzito wake. Watu husema "sikuumudu mlima ule" au "siimudu kodi hii", na hakuna anayefikiria ruhusa wala uwezekano.

Pili, lifunge swali kwenye leo. Maneno "kwa hali yako ilivyo leo" yanamwondolea mhojiwa mzigo wa kuahidi kesho ambayo si yake, na "Mungu akijalia" hupungua sana, kwa sababu sasa anaeleza jinsi alivyo bila kutoa ahadi. Akiisema hata hivyo, usimkatize. Mwambie, "Amina, mama. Na kwa jinsi mwili wako ulivyo leo, unaweka ngapi?"

Tatu, kila swali libebe kikwazo kimoja. Toleo langu la kwanza lilikuwa na swali lililosema "hata kama jua ni kali na unatoka jasho jingi". Mzee mmoja aliniuliza kwa upole nataka ajibu lipi, kwa sababu jua halimsumbui, ila jasho linamwaibisha mbele ya watu. Swali hilo likagawanywa.

Kete kumi mezani

Bandura alipendekeza alama kutoka 0 hadi 100 kwa kupanda kumi kumi, kwa hoja kwamba ngazi chache mno huficha tofauti, kwani watu hukwepa ncha zote mbili. Aliyezoea namba huelewa upesi ukimwonyesha chaji ya simu yake: sifuri imezima, mia imejaa. Wapo wasiozoea kufikiri kwa asilimia, na kwao mimi hutumia kete kumi za bao na sahani. Zikiwa hazipo, punje za mahindi zinatosha. Sahani tupu ni "simudu hata kidogo", kete tano ni "namudu kwa kiasi", kete kumi ni "nina hakika kabisa kwamba namudu". Kila kete inaandikwa kuwa 10. Jihadhari na maneno "sina uhakika kabisa" kwa ajili ya sifuri. Baadhi ya watu huyasikia kama "nina uhakika, ila haujatimia".

Anza kwa mazoezi ya kujibu yasiyohusu kipimo chenyewe. "Kwa hali yako ilivyo leo, una hakika kiasi gani kwamba unamudu kuinua dumu la maji la lita 5?" Kisha lita 10, kisha 20, kisha madumu mawili ya lita 20 kwa mkupuo. Kete zikipungua kadiri uzito unavyopanda, mhojiwa ameelewa. Asipopunguza hata moja hadi mwisho, ama ni mchukuzi wa bandarini, ama anataka kukuridhisha. Eleza tena kwa upole kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo kuna makundi mawili ya maswali, na yasichanganywe.

Kundi la kwanza ni ngazi ya tendo. "Kwa hali yako ilivyo leo, una hakika kiasi gani kwamba unamudu kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo, bila kusimama kupumzika, kwa dakika 5?" Swali hilo hilo hurudiwa kwa dakika 10, 20, 30, 45 na 60. Ngazi ya chini lazima iwe chini kweli. Kwa mtu mwenye kilo nyingi na maumivu ya magoti, dakika 5 zinaweza kuwa ndiyo safari yenyewe, na dodoso linaloanzia dakika 30 litampa sifuri katika kila mstari na kumfundisha kwamba hafai.

Kundi la pili ni vikwazo. Kipimo cha tendo hubaki kile kile katika maswali yote: "Una hakika kiasi gani kwamba unamudu kutembea hivyo kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki, hata kama…" Kisha kila kikwazo husomwa peke yake: hata kama magoti yanauma, hata kama jua ni kali, hata kama unatoka jasho jingi mbele ya watu, hata kama mapaja yanachubuka, hata kama watu wanautania mwili wako njiani, hata kama huna wa kufuatana naye, hata kama uzito haujapungua baada ya mwezi mzima, hata kama uliacha kwa wiki nzima na inabidi uanze upya. Maswali hayo manane ni mfano. Yako yatatoka kwa watu wako. Sehemu za pwani huenda ukahitaji swali la mavazi, na palipo na misiba na shughuli za mara kwa mara utahitaji swali la wiki iliyoliwa na shughuli. Ila usiache mawili ya mwisho. Uzito hushuka polepole kuliko watu wanavyoahidiwa, na karibu kila mtu huacha wakati fulani. Imani ya kurudi baada ya kuacha ni jambo tofauti na imani ya kuanza.

Nina picha moja isiyonitoka. Mama mmoja muuza samaki aliweka kete nane kwa dakika 20 za kutembea, bila kusita. Nilipofika kwenye swali la kutaniwa njiani, aliitazama sahani, akaanza kuondoa kete moja moja na kuzipanga mezani kama anayehesabu chenji, mpaka zikabaki mbili. Akasema, "Njia ile ya kijiweni sipiti." Kabla ya siku hiyo faili lake lilisema kwamba hana nidhamu ya mazoezi.

Ukitumia kipimo cha kigeni

Pengine mwalimu wako au mfadhili atataka kipimo kinachojulikana kimataifa. Omba ruhusa ya wenye kipimo kwanza. Kisha watafsiri wawili wakifasiri kwa Kiswahili, kila mmoja peke yake, wakae wapatanishe matoleo yao, na mtu wa tatu ambaye hajaona maandishi ya awali ayarudishe katika lugha ya mwanzo ili muone kilichopotea. Hatua hiyo hukamata makosa ya maana, lakini haikamati sentensi sahihi ambayo hakuna Mswahili angeisema. Dawa yake ni kuwasomea watu sita au saba kila swali na kuwauliza, "Kwa maneno yako mwenyewe, nimekuuliza nini?" Swali la hali ya hewa mbaya, kwa mfano, mtunzi wake huenda aliwaza theluji na baridi, jijini Dar es Salaam mtu atawaza mvua ya masika na barabara yenye tope, na mwingine atawaza joto la Februari. Amua unataka lipi na ulitaje. Kama matokeo yatachapishwa, kibali cha maadili ya utafiti kitangulie: kwa Tanzania Bara mlango wa kitaifa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Mahali, mpangilio na mizani

Uliza kwanza, pima uzito baadaye. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila mtu alipitia kwenye mizani kabla ya yote, mizani yenyewe ikaishia kilo 130, na siku moja ikagoma mbele ya foleni nzima huku mhudumu akitangaza kwa sauti kwamba "hii haikuwezi". Bwana yule alikaa nami dakika mbili, akaweka kete moja kwa kila swali bila kuinua uso, akaondoka. Sikupima imani yake ya kutembea siku hiyo. Nilipima aibu tuliyomtia. Tafuta mizani inayofika kilo 200, iweke chumbani, na iwe ya mwisho. Kiti kiwe imara na kisiwe na mikono ya pembeni.

Anayeuliza asiwe yule yule aliyemwandikia mazoezi, kwa sababu mgonjwa humwonea haya. Asiwe pia mke, mume au mtoto wa mhojiwa. Salamu zifuatwe kama kawaida, shikamoo kwa anayestahiki, na mtu aitwe mama, baba, dada au kaka kwa umri wake, kamwe asiitwe kwa umbo lake. Katika mazungumzo sema "uzito" au "mwili"; "bonge", "tipwatipwa" na "kitambi" yaachiwe mwenyewe kama atapenda kuyatumia. Msomee kila mtu maswali kwa sauti, hata anayejua kusoma, ili wote wapimwe kwa njia moja. Na kabla ya kumpa mtu yeyote kazi ya mwili, mwulize kama hupata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia. Akisema ndiyo, amwone daktari kwanza.

Kuhesabu alama

Hesabu ni rahisi. Tuseme mhojiwa ameweka 100, 90, 70, 40, 20 na 0 kwenye ngazi ya dakika. Jumla ni 320, ukigawa kwa 6 unapata 53. Kwenye vikwazo ameweka 40, 30, 60, 50, 20, 70, 30 na 60. Jumla ni 360, ukigawa kwa 8 unapata 45. Andika alama mbili, 53 na 45, wala usizijumlishe kuwa moja, kwa sababu zinasema mambo mawili. Kama mhojiwa ameruka zaidi ya sehemu moja ya tano ya maswali, usimkokotolee wastani. Rudi kwake umwulize.

Hakuna mpaka rasmi unaosema kwamba chini ya alama fulani mtu "hajiamini", na atakayekupa mpaka huo mwulize aliutoa wapi. Kwa mtoa huduma, chenye faida zaidi kuliko wastani ni kuangalia namba zinaporomokea wapi. Katika mfano wetu, mtu ana 70 kwa dakika 20 na 40 kwa dakika 30. Katika mafunzo ya kujisimamia maradhi sugu yaliyoanzia Stanford, mshiriki huulizwa ana uhakika kiasi gani na mpango wake wa wiki kwa alama 0 hadi 10, na akiwa chini ya 7 mpango hupunguzwa au hurekebishwa. Kanuni hiyo hutufaa hapa: mwanzishe kwenye dakika 20, na dakika 30 zisubiri. Kisha tazama kikwazo chenye alama ya chini kabisa, kile cha 20, na ukizungumzie hicho kabla ya kuzungumzia afya ya moyo.

Kukikagua kipimo chenyewe

Kipimo nacho hupimwa. Watu hao hao waulizwe tena baada ya wiki moja au mbili, kabla hawajaanza programu yoyote, na majibu yalinganishwe. Kwa kazi hii tafuta watu wasiopungua 50. Alfa ya Cronbach, yaani namba inayoonyesha jinsi maswali ya kipimo yanavyokubaliana yenyewe kwa yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1951 na ambayo kila mwanafunzi huiripoti, hutakiwa ifike angalau 0.70, lakini usijivunie ukiipata ya juu sana katika ngazi ya dakika, maana maswali yale yanafanana kwa makusudi na lazima yavutane.

Hesabu moja ambayo wengi huiruka ni ile inayokuambia badiliko kubwa kiasi gani ni badiliko la kweli. Tuseme mkengeuko sanifu wa alama zako, yaani kadiri zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 20, na uwiano wa majibu ya mara ya kwanza na ya pili ni 0.84, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Toa 0.84 katika 1, unapata 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, zidisha kwa 20, kosa la kipimo ni 8. Zidisha 8 kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 22. Maana yake ni kwamba mtu mmoja aliyepanda kutoka 45 hadi 58 huenda hakupanda chochote; kete zimetikisika tu. Wastani wa kundi la watu mia moja ukipanda vivyo hivyo, hilo ni jambo jingine, kwa kuwa makosa ya mtu mmoja mmoja hufutana.

Halafu linganisha alama na mwenendo halisi: kifaa cha kuhesabu hatua kivaliwe wiki nzima, au tumia dodoso la Shirika la Afya Duniani la shughuli za mwili lenye maswali 16. Tarajia uhusiano wa wastani. Ukipata uhusiano mkubwa kupita kiasi, shuku kwamba umeuliza watu wanachofanya na kukiita imani.

Kurudia kipimo

Rudia baada ya wiki nne hivi za mwanzo, kisha baada ya miezi mitatu, muulizaji awe yule yule, saa zile zile, kete zile zile. Usishtuke alama zikishuka katika wiki ya nne. Aliyeweka kete tisa kabla hajawahi kutembea dakika 20 alikuwa anakisia. Sasa anajua kilima cha nyumbani kwao kilivyo, na kete sita zake za leo ni za kweli kuliko tisa za mwezi uliopita. Kwa ajili hiyo kila namba iandikwe pamoja na maelezo mafupi pembeni: ameshajaribu nini, mara ngapi, na wapi. Yule mama muuza samaki alirudi akiwa na kete tano kwenye swali la kutaniwa, na pembeni nikaandika maneno yake: "Napita njia ya msikitini, ni ndefu zaidi."